Usikifukuze Kivuli: Kwa Wanaoanza Kuchapisha Picha za Makanisa ya Kigothi

Picha ya kwanza niliyoichapisha kwa ajili ya kuuza ilikuwa ya Kanisa Kuu la Wells, Uingereza, lililojengwa kwa mtindo wa Kigothi wa Zama za Kati, na ilionyesha matao yaliyopishana kama mkasi, ambayo mafundi waliyajenga kati ya 1338 na 1348 ili kuuzuia mnara uliokuwa umeanza kutitia. Niliiongezea mwanga kwenye kompyuta hadi kila pembe ikaonekana, kisha nikaitoa kwenye karatasi ya kung'aa. Mteja aliitazama, akauliza kama jengo lile lilikuwa jipya.

Katika kanisa hilohilo, mwaka 1903, Frederick H. Evans, aliyewahi kuwa muuza vitabu London, alipiga picha ya ngazi iendayo kwenye ukumbi wa baraza la kanisa. Itazameni kwa makini kabla ya kugusa printa. Vidato vimelika katikati kwa nyayo za karne nyingi, na kila kibonyeo kimebeba kivuli chake chembamba, kiasi kwamba jiwe linaonekana kujikunja kama mawimbi. Ukikiondoa kivuli hicho, utabakiwa na ngazi tu. Evans alichapisha kwa metali ya platinamu, ambayo hukaa ndani ya nyuzi za karatasi badala ya kuelea juu yake katika utando wa jelatini, na ndiyo maana weusi wake haumeti. Nakala yenyewe ni ndogo, kama sentimita 23 kwa 19, hivyo mtazamaji hulazimika kuisogelea.

Wengi wetu hatuimudu platinamu. Karatasi ya pamba isiyong'aa pamoja na wino wa pigmenti (wenye chembe ndogo za rangi) vinatosha, mradi usiiamini skrini, kwa sababu skrini hutoa mwanga ilhali karatasi huupokea, na chapa itatoka nyeusi kuliko ulivyotarajia. Chapisha kwanza ukanda mwembamba unaoanzia dirishani hadi kwenye kitako cha nguzo kilicho gizani, uuache ukauke usiku kucha, halafu uutazame chini ya taa inayofanana na ya ukuta utakaoibeba picha. Ukiona umekuwa mweusi mno, inua rangi za kijivu za katikati peke yake. Giza la nyuma ya nguzo liache lilivyo, hata mteja akilalamika. Wangu, nilipomletea chapa ya pili, alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kule gizani, nyuma ya matao, kunaelekea wapi.