Kuwasaidia wasanii weusi wanaojitegemea: tuliyojifunza kwa kuchanga hapa Chicago

Ndugu uliyeuliza kutoka Atlanta kama inatosha kununua mchoro mmoja au miwili ya wasanii weusi kila inapofika Februari, mwezi wa kuadhimisha historia ya watu weusi hapa Marekani, nakujibu kwa yale niliyoyapitia. Kwa miaka sita sasa nimekuwa mhazini wa kikundi cha watu kumi na wanne hapa upande wa kusini wa Chicago, Watanzania watatu, Mkongo mmoja na waliobaki ni Wamarekani weusi, tunaochanga kila mwezi kwa ajili ya wachoraji na wachapaji wa picha wasio na kampuni wala tajiri nyuma yao. Kununua ni jambo jema, usiliache. Hata hivyo, fedha ya mchoro mmoja huishia kwenye kodi ya pango, na mwezi unaofuata msanii anaanza upya akiwa hana chombo, chumba wala sauti katika bei ya kazi yake.

Tulianza kwa mtindo wa upatu, kwa sababu ndio tuliouzoea nyumbani, na wenzetu wenye asili ya visiwa vya Karibi nao wanaufahamu kwa jina la susu. Kila mmoja alitoa dola 50, na zile 700 alikabidhiwa msanii mmoja kwa zamu. Mwaka wa kwanza haukwisha kabla hatujaona kasoro. Mchoraji mmoja alikuwa amepeleka kazi tisa kwa mali kauli kwenye ukumbi wa maonyesho, yaani alipwe zikishauzwa, wenye ukumbi wakakata nusu ya bei, kisha wakamlipa baada ya miezi saba; katika miezi hiyo yote aliishi kwa fedha zetu. Nilipokaa na daftari la hesabu niligundua, kwa uchungu kwa kweli, kwamba sisi tulikuwa tukimkopesha mwenye ukumbi bila riba, na msanii alikuwa njia tu ya kupitishia mkopo huo.

Mama mmoja mzee katika kikundi ndiye aliyetukumbusha jambo lililokuwa mtaani kwetu siku zote. Kituo cha sanaa kiitwacho South Side Community Art Center, kwenye barabara ya South Michigan, kilifunguliwa mwaka 1940 chini ya mpango wa serikali ya Marekani wa kuwapa wasanii ajira. Serikali iligharamia ukarabati na mishahara, lakini nyumba yenyewe ilinunuliwa kwa fedha za wakazi weusi, waliofanya dansa na kukusanya sarafu za senti kumi. Margaret Burroughs, wakati huo msanii kijana, alisimama barabarani na kopo la michango. Mpiga picha Gordon Parks alipata humo chumba cha kusafishia picha kabla jina lake halijavuma. Mpango wa serikali ulipofungwa mwaka 1943, vituo vingi vya namna hiyo vilikufa, ila hiki kinaendelea hadi leo, na mimi naamini kilichokiokoa ni kwamba nyumba ilikuwa mali ya watu wenyewe.

Baada ya hapo tuliacha kugawa fedha taslimu. Tulinunua mashine ya kuchapia picha iliyokwisha kutumika, tukapanga chumba, na wasanii sita wakaingia kama wanachama wenye kura sawa na zetu. Msanii akitaka kutoa chapa thelathini za picha moja, wachangiaji hulipia nusu ya idadi hiyo kabla karatasi haijanunuliwa; anapouza zilizobaki, asilimia 15 hurudi kwenye mfuko kwa ajili ya wino, karatasi na matengenezo, na haki ya picha hubaki kwake. Ugomvi mkubwa ulitokea pale mwanachama mmoja alipohamia mji mwingine akadai sehemu yake ya mashine, nasi hatukuwa tumeandika lolote. Tulimlipa kwa awamu kumi, na sasa katiba inasema anayeondoka anarudishiwa hisa yake ya kuingilia tu. Andikeni jambo hilo mapema, kabla ya kujadili hata jina la kikundi.

Huko utasikia sana neno ujamaa. Mwanaharakati Maulana Karenga alipoanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi ya mwisho wa mwaka, huko California mwaka 1966 alilifanya kuwa nguzo ya nne kati ya saba, inayoadhimishwa tarehe 29 Desemba, kwa maana ya watu kujenga na kumiliki biashara zao pamoja. Kwetu tuliokulia Tanzania neno hilo hukumbusha vijiji kwanza, na nilichelewa kuona kwamba wenzetu hapa wanalitumia kwa uzito uleule wa kuchangia na kugawana.

Kwa hiyo, kabla ya kuchanga hata dola moja, waulizeni wasanii wa hapo Atlanta ni gharama gani inayowarudisha nyuma kila mwezi. Kwa wapiga muziki inaweza kuwa studio, kwa wafinyanzi ikawa tanuru. Mkipata jibu na watu watano wa kuanza nao, niandikie humu, nami nitakutumia katiba yetu pamoja na ukurasa wa hesabu ninaousomea kikundi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi.