Usipeleke gari ya kukodi Sandwich Harbour, hata wakikuambia bima ni kamili

Ndugu yangu, usitie sahihi mkataba wa kukodi bado. Na kama umeshatia, rudi ofisini kwao kabla hujapokea ufunguo.

Umeandika kwamba unatoka Lubumbashi na mama watoto kwenda kungojea kontena Walvis Bay, bandari ya Namibia, kwamba mtakodi Hilux siku hizo za kusubiri karatasi za bandari, na kwamba Jumamosi unataka kupita ufukweni mpaka Sandwich Harbour kwa sababu wakala wa magari amekuambia bima inabeba kila kitu. Umeuliza pia habari za visa, mahali pa kulala na watoto, na kama ni afadhali uje na gari yako mwenyewe kupitia Zambia, mipaka ya Kasumbalesa na Katima Mulilo. Mimi naanza na bima, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi, Walvis Bay hiyo hiyo, na nimeyalipa.

Kwanza ujue unakwenda wapi. Sandwich Harbour iko kusini ya Walvis Bay, kama kilomita 50, ndani ya hifadhi ya Namib-Naukluft. Mkono mmoja una milima ya mchanga, mkono mwingine Atlantiki, na gari inapita katikati kwenye ukanda mwembamba wa mchanga. Maji yakijaa, ukanda unaisha. Bahari inagonga mlima wenyewe na hakuna pa kupita wala pa kugeuzia. Maji yanajaa mara 2 kwa siku, na kila siku saa inasogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo ile saa uliyopewa na rafiki aliyepita wiki iliyopita haikufai kitu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yanapanda zaidi. Sisi watu wa Katanga hatukukulia na jambo hilo. Pale Kilwa, kwenye ziwa Mwero, unaacha mtumbwi mchangani jioni na asubuhi unaukuta palepale.

Sisi tulikwama wakati wa kurudi. Mchanga uliotubeba vizuri asubuhi ulikuwa umelainika, tairi ya nyuma ikaanza kuchimba, na kabla hatujamaliza kupunguza upepo chasi ilikuwa imeshalala chini. Wimbi la kwanza lilifika kwenye rimu likarudi. Kila likirudi lilikomba mchanga chini ya tairi za upande wa bahari, kama mtu anayekomba sufuria, na gari ikawa inainama. Maji yakaingia kwa mlango. Taa za dashibodi ziliwaka zote kwa pamoja, kisha zikazima zote. Mke wangu alikuwa ameshapanda mlimani na watoto, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Waliotuvuta ni madereva wanaopeleka watalii, watu wenye kamba na wenye kujua saa za maji, nao hawakutudai hata dola moja.

Sasa sikiliza kilichotokea ofisini, maana hapo ndipo hasara yenyewe ilipo.

Yule kijana wa kaunta, aliyeniambia kwa mdomo wake kwamba nimechukua bima ya juu kabisa na niende popote kwa amani, alitoa mkataba, akaugeuza nyuma, akaweka kidole. Upande huo siku ya kukodi alikuwa ameulaza kwenye meza. Alinionyesha mbele tu, pale penye msalaba pa kutia sahihi, na ufunguo akauweka juu ya karatasi. Nyuma kumeandikwa, kwa herufi za kuumiza macho na kwa Kiingereza ambacho wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa tunakisoma kwa shida, kwamba bima haiko ukiendesha ufukweni, ndani ya mto au kwenye uwanda wa chumvi. Haiko kwa uharibifu wa maji, maji ya chumvi wala mchanga. Haiko kwa upande wa chini wa gari. Haiko kwa klachi. Na ajali ambayo hakuna gari nyingine iliyohusika, yaani umepinduka mwenyewe au umezama mwenyewe, ina masharti yake mengine kabisa. Mikataba mingi ya huko iko hivyo, si ya ofisi ile peke yake.

Nililipa gari. Tena si kuitengeneza tu. Maji ya chumvi yakishaingia, fundi hawezi kukausha na kukurudishia. Yanakula viunganishi vya waya, kompyuta ya injini, alteneta, beringi za magurudumu, breki. Injini ikivuta maji ndani, maji hayashindiliwi kama hewa, kwa hiyo konrodi zinapinda. Juu ya hayo walihesabu siku zote ambazo gari haitakodishwa, na siku hizo mkataba unawaruhusu kuzidai. Dhamana waliyokuwa wameishika kwenye kadi haikutosha. Pesa niliyotenga ya kutoa kontena ikaenda yote, na kontena ikabaki bandarini ikihesabiwa gharama ya kuchelewa kila siku inayopambazuka. Duka letu la vipuri katika komini Kenya, kwetu Lubumbashi, lilikaa rafu tupu msimu mzima. Wateja wakahamia kwa jirani, na wengine hawajarudi.

Kijana yule alijua. Aliona watu wageni, wenye viatu vya mjini, wanauliza njia ya Sandwich Harbour, na alijua kilichoandikwa nyuma ya karatasi yake. Alitaka kuuza bima ya bei kubwa na kufunga siku. Nina hasira naye bado, sifichi.

Na nina hasira zaidi na mtu wetu, Mkongomani mwenzetu anayezunguka pale bandarini akisaidia watu na karatasi, ambaye alinihakikishia kwamba Namibia bima iko ndani ya bei ya mafuta, kwa hiyo mambo ya mkataba nisiyasumbukie. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayopoteza watu. Kuna mfuko wa taifa, MVA Fund, unaopata pesa kutoka kwenye kila lita ya mafuta. Lakini mfuko huo unashughulikia watu walioumia au kufa barabarani. Bati hauligusi. Ukigonga gari ya mtu, ukiharibu uliyokodi, MVA Fund haina habari na wewe. Atakuja huyo huyo kukuambia pia kwamba kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya gari ya nchi za umoja wa biashara, unayonunua kwa kuvuka Kasumbalesa itakufikisha mpaka baharini. Kadi hiyo inafanya kazi Zambia. Namibia ilitoka COMESA mwaka 2004.

Najua kwa nini tunawaamini watu hawa. Kwetu asiransi, yaani bima, ni karatasi ya kumwonyesha polisi wa rulaji, wa barabarani, pale kwenye mzunguko ili akuachie upite. Miaka na miaka ilikuwa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, peke yake. Sheria ya 2015 ilifungua mlango, na kampuni nyingine zikaanza kupewa vibali mwaka 2019. Hatujazoea kuulizana hii inabeba nini, ile haibebi nini. Tunauliza bei, tunakunja, tunaweka kwenye kioo. Huko kusini karatasi inasomwa neno kwa neno siku ya hasara, na anayeisoma ni yule anayekudai.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kutia sahihi, taja njia zote mtakazopita, moja moja, kwa jina: Walvis Bay mpaka Swakopmund, Swakopmund mpaka Henties Bay, ufukwe wa kusini, zote. Mwambie kijana wa kaunta aandike kwa kalamu, juu ya mkataba wenyewe, njia hii bima ipo, njia hii haipo, kisha atie sahihi yake na mhuri. Usikubali aandike kwenye kipande cha karatasi pembeni, usikubali akutumie baadaye kwenye WhatsApp. Aandike pale. Akisema haina haja, mwambie ina haja. Akisema meneja hayupo, ngoja meneja. Akikataa kuandika, hiyo njia haina bima, hata kama amekuapia kwa mama yake, na wewe gari yake usiipeleke huko.

Muulize pia, na aandike, kama kitu kimeharibika utabeba kiasi gani wewe mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Hata bima ya bei ya juu mara nyingi inaacha vioo au tairi nje, na barabara za changarawe za kule zinakata tairi kweli kweli. Kampuni nyingi zinafunga kifaa cha kufuatilia gari na zinataka usizidi kilomita 80 kwa saa kwenye changarawe. Ukizidi halafu ukapinduka, kifaa kitasema na bima itaondoka. Na kumbuka kule wanaendesha kushoto. Mtu wa Lubumbashi akichoka, mkono wake unamrudisha kulia bila yeye kujua, hasa asubuhi anapotoka kwenye geti.

Sandwich Harbour yenyewe ni pazuri, simkatazi mtu. Nenda na hao wanaopeleka watalii, kwa gari yao, kibali wanacho, saa za maji wanazijua, na kikiharibika ni chao. Watoto wakitaka mchanga, Dune 7, mlima wa mchanga, iko karibu na mji na gari unaiacha chini. Ukitaka kuendesha mwenyewe, panda kaskazini mpaka Cape Cross mkaone sili kwa maelfu. Msalaba wa pale ulisimikwa mara ya kwanza na Diogo Cão, yule Mreno aliyefika kabla ya hapo kwenye mdomo wa mto wetu Kongo. Njia ya huko ni C34, sehemu yake ni ya chumvi iliyoshindiliwa. Ikikauka inakaa kama lami, ukungu wa asubuhi ukiilowesha inateleza vibaya. Itaje na yenyewe kwa kijana wa kaunta, aiandike.

Jambo la kadi nalo muhimu: ofisi nyingi hazikubali kadi ya kujaza pesa kwanza, zile wengi wetu tunazopewa na benki za kwetu. Piga simu uulize kabla hujaondoka nyumbani, usije ukasimama kaunta na familia nyuma yako, ukakubali chochote watakachokupa kwa haraka ya kupata gari.

Wakikutumia mkataba, piga picha pande zote 2, hasa ule wa nyuma, uuweke hapa. Kama ni leo usiku, nitausoma leo usiku.