Usitie Tiki Kabla Hujautikisa Ubao

Kijana aliinama, akaunyanyua ubao wa plaiwudi kwa mikono miwili, akaubeba mbele ya kifua na kupiga hatua moja. Ubao huo ndio uliokuwa umefunika tundu la mabomba kwenye slabu, sakafu ya zege ya jengo tulilokuwa tukijenga. Hakuliona, maana alichokishika ndicho kilichomziba macho. Alidondoka mita 3 hadi sakafu ya chini, akavunjika nyonga.

Asubuhi ile mimi, msimamizi, ndiye niliyetia tiki kwenye fomu ya usalama: mashimo yote yamefunikwa. Na kweli yalikuwa yamefunikwa.

Cheti cha usalama nilikuwa nacho. Nilikipata ukumbini, kwa siku moja, tukionyeshwa picha za watu waliovaa kofia ngumu. Baada ya ajali nilipelekwa kwenye mafunzo mengine, na mkufunzi yule hata hakutukalisha. Alitupeleka saiti, akanikabidhi tepu, akauliza: fundi yuko ghorofa ya kwanza, mkanda wa kuzuia kuanguka kavaa, kamba kaifunga usawa wa miguu yake. Akianguka, itamdaka? Tukaitikia ndiyo, wote.

Tukapima. Kamba mita 1.8. Kifyonza mshtuko, kile kipande cha kamba kinachofunguka ili kupunguza kishindo, kinaongeza kama mita 1. Kutoka ringi ya mgongoni, pale kamba inaposhika mkanda, hadi nyayo, mita 1.5. Hiyo ni mita 4.3, na bado hujaacha nafasi ya akiba. Ardhi iko mita 3 chini. Kamba ingekaza mtu ameshafika.

Tangu hapo mkanda kwangu huja mwisho. Kwanza nauliza kama kazi yenyewe inaweza kufanyiwa chini. Haiwezekani? Basi reling, vizuizi vya ukingoni: ya juu, ya kati, na ubao wa pembeni miguuni ili nyundo isimwangukie aliye chini. Ngazi haina maneno mengi: kila mita 4 kwenda juu, mguu wake uondoke ukutani mita 1, na kichwa chake kipite sakafu unayopandia kwa mita 1 hivi.

Swali jingine la mkufunzi lilitunyamazisha: amedakwa, ananing'inia, nani anamshusha? Mtu aliyening'inia bila kusogeza miguu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Kusubiri gari la uokoaji si mpango.

Ukitafutiwa mafunzo, uliza kama mtatoka nje kupima. Na kabla ya kwenda, dai kwa maandishi mamlaka ya kusimamisha kazi. Hili nalisisitiza, kwa sababu nimewaona wasimamizi wanaojua kila kitu wakimeza mate pale zege linapokuwa njiani na bosi yuko kwenye simu.

Plaiwudi za mashimo siku hizi nazipigilia misumari pembe zote nne, nazipaka rangi nyekundu na kuandika SHIMO kwa herufi kubwa. Asubuhi nazipitia moja moja, nazisukuma kwa buti. Ikicheza, fomu inabaki mfukoni.