Dogo, ahirisha hicho kikao cha kesho

Usiende. Sema unaumwa, sema umefiwa na kuku, sema lolote, lakini kesho usimkabidhi huyo "kaka wa kitaa" namba za wateja wako watatu.

Uzi wako nimeusoma mara mbili. Wewe ni mchanaji wa Mbagala, muziki umekunyima hela, sasa unataka kuingia kwenye udalali wa fremu za maduka Kariakoo. Umeuliza kama hip hop na udalali vinafanana, leseni unaipata wapi, uanze na shilingi ngapi, na uvae vipi. Halafu chini kabisa, kama kitu cha kupitia tu, umeandika kwamba kuna kaka mzoefu atakushika mkono na "hatuandikiani, kitaani neno la mwanaume ndiyo mkataba". Wakuu humu wamebishana kuhusu viatu tangu asubuhi. Hiyo sentensi hakuna aliyeigusa, na ndiyo itakayokuzika.

Vinafanana? Mpaka kero. Dalali asiye na jina ni kama mchanaji ambaye wimbo wake haujawahi kugusa redio, anajisemesha mwenyewe kwenye kona. Mitindo huru ipo: mteja anauliza mbona choo kiko mbali, na wewe unatunga jibu hapo hapo bila biti. Kiki zipo: "Bosi wahi, kuna Mkongo yuko njiani na hela taslimu," na huyo Mkongo hajazaliwa. Mitaa ina wenyewe, ukizoeleka Mtaa wa Congo kisha uonekane Narung'ombe unaulizwa umetumwa na nani. Na kolabo ndizo zimejaa kupita kiasi, fremu moja madalali watano, kila mmoja anadai mgao kama wale jamaa wanaosimama nyuma kwenye video wamekunja mikono.

Mimi nimekaa pande zote mbili, na pande zote mbili nimepigwa kwa swali lile lile.

Ya muziki ni fupi. Mwaka 2009 nilimwandikia jamaa kiitikio studio, akasema tutagawana na jina langu litakuwepo. Wimbo ukatoka, ukapigwa mpaka kwenye daladala ninayopanda. Nilipokwenda kudai, prodyuza akanitazama na kuuliza, "Kwani jina lako limeandikwa wapi?" Nikasema haya, nimejifunza. Sikujifunza kitu.

2018 nikawa dalali. Nikampata kaka wangu wa kitaa, kama wako. Alikuwa na simu tatu na shati la kupigwa pasi kila siku, na aliwasalimia walinzi wa majengo kwa majina. Yeye ndiye aliyenifundisha huo wimbo wako wa neno la mwanaume. Aliniambia ukimtolea mtu karatasi umemwita mwizi. Mimi, mtoto wa kuchana, nikaona hiyo ndiyo heshima yenyewe!

Mteja nilimpata mimi. Mama mmoja wa vitenge kutoka Songea, anatafuta fremu moja yenye stoo nyuma. Nilimzungusha siku kumi na moja, maana hakutaka ghorofani, wala karibu na wauza viatu, wala fremu ambayo maji ya mvua yanaingia. Bodaboda zangu, chakula changu, vocha zangu. Niliponunua hadi mwavuli nikawa nimekula kama shilingi laki tatu, nyingi za kukopa kwa shemeji. Tukaipata. Mpangaji wa zamani anatoka, anataka kilemba, yaani hela ya kukuachia fremu, cha milioni 50, na mwenye jengo anataka kodi ya milioni 3 kwa mwezi. Kwa makubaliano yetu ya mdomo, asilimia 10 ya kilemba inatoka kwa anayeondoka, na kodi ya mwezi mmoja inatoka kwa mwenye jengo. Jumla milioni 8, nusu kwa nusu na kaka. Milioni 4 zangu. Nilikuwa nimeshaanza kuangalia bei za friji.

Kaka akasema, "Nipe namba ya mama nimuweke sawa na mzee wa jengo, wewe bado mgeni machoni pake." Nikampa. Nikampa na jina, na anakouzia, na bei ya mwisho ambayo mama aliniambia anaweza kufika. Yaani nilimpa mistari, biti na ufunguo wa studio.

Siku nne baadaye akanipigia kwa sauti ya msiba. "Mama ameghairi, dogo. Karudi Songea." Nikampa pole yeye! Naomba mnicheke sasa hivi tumalize.

Wiki ya tatu napita kununua chaji ya simu. Naona fundi anapaka rangi ya krimu kwenye fremu ile ile, mlango wazi, majora ya vitenge yamefunikwa na turubai. Mama ananiona, anainuka kwenye kistuli anacheka: "Dalali wangu! Mbona ulipotea? Yule kaka yako kasema umeshachukua chako ukaenda kwenu." Nilisimama pale na chaji mkononi. Fundi akaniambia nisiegemee ukuta, rangi bado mbichi. Nilikuwa nimeshaegemea. Lile shati ninalo mpaka leo, bega la krimu.

Nilimkuta kaka anakunywa chai. Hakukataa wala hakukasirika. Aliniuliza tu, "Kwani tuliandikiana wapi?"

Miaka tisa imepita, swali ni lile lile, halafu anayenijibu ni mtu aliyenikataza kuandika! Alinipa laki na nusu "ya soda". Nikaipokea, maana shemeji alikuwa ananisubiri nyumbani.

Sasa wewe unaniletea habari za Nipsey Hussle, yule mchanaji wa Los Angeles, kununua ile plaza ya maduka pale Slauson na Crenshaw. Sawa, alinunua. Mtu hanunui plaza kwa neno la mwanaume, mdogo wangu. Na ukitaka kurudi hadi mwanzo kabisa wa hip hop, turudi: tarehe 11 Agosti 1973, Bronx, New York, 1520 Sedgwick Avenue, jengo la wapangaji hilo hilo unalopenda kulitaja. DJ Kool Herc alikuwa kwenye mashine, lakini sherehe ilikuwa ya dada yake Cindy, anatafuta hela ya nguo za shule. Cindy aliandika kadi za mwaliko kwa mkono na bei akaiweka humo humo, wasichana senti 25, wavulana senti 50. Hip hop imeanza na bei iliyoandikwa. Huu ujinga wa kuona aibu karatasi tumeuokota wapi?

Kwa hiyo usimtajie mtu jina la mteja kabla hajakuandikia. Mwanasheria si lazima, meseji ya WhatsApp inatosha kuanzia: "Kaka, mteja wangu wa fremu ya stoo mtaa fulani, udalali wa kilemba na wa kodi tunagawana nusu kwa nusu, nalipwa siku ile ile kilemba kinapolipwa, na akirudi ndani ya miezi sita bado ni wangu." Mwache ajibu "sawa". Akijibu kwa kukupigia simu, mwambie mtandao unasumbua, aandike. Akikasirika, umeokoa milioni zako kwa bando la shilingi 500. Na siku ya malipo uwepo mwenyewe, uone hela inahesabiwa. Kama mama yangu wa vitenge angeniona mezani siku ile, nani angemwambia nimeshachukua changu?

Mwenye jengo naye mwandikishe. Wapo wanaosubiri mteja aingie ndipo waseme huyo mteja walimjua tangu zamani.

Leseni na mtaji wakuu wengine watakujibu, mimi nimeshapandwa na presha. Viatu vaa vyovyote, utatembea sana.

Hicho kikao ni saa ngapi? Nitumie hiyo meseji niione kabla hujamtumia.