Anwani 600 za wanachama zimejaa kwenye Gmail, nitapataje listi moja safi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni katibu wa umoja wetu wa tuliosoma pamoja sekondari, niko Mwanza. Anwani za wenzangu zote ziko kwenye Gmail yangu, zimejikusanya tu miaka na miaka, kama 600 hivi, wengine wapo mara mbili mara tatu. Nikituma tangazo la mkutano nyingi zinarudi, na mara ya mwisho watu wakaanza kujibizana humohumo kila mtu anapata, wengine wakakasirika kabisa. Nataka nikiandika imeili moja ifike kwa wote bila fujo. Nianzie wapi?

JIBU: Njema dada katibu, pole na hiyo kazi. Cha kwanza kabisa, usianze kwa kutengeneza grupu. Najua ndo unachokitaka na Gmail yenyewe inakurahisishia, unachagua majina unabandika lebo umemaliza, lakini ukifanya hivyo saa hizi utakuwa umehamisha uchafu wote ulivyo. Toa anwani nje ya Gmail, zisafishe kwenye shiti (jedwali la kompyuta lenye mistari na makolamu), alafu ndo utengeneze grupu.

Kwanini zimechafuka hivyo? Google huwa inahifadhi yenyewe watu uliowahi kuwaandikia, inawaweka kwenye kapu linaitwa Other contacts ambalo wengi hata hawajui lipo, kwahiyo humo kuna fundi friji, kuna ofisi uliyoomba kazi, kuna mtu uliyenunua kwake kiwanja, wote wamechanganyika na wanachama. Alafu tangu Desemba 2023 Google walianza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika miaka 2, sasa wenzako waliofungua Gmail wakazitelekeza inawezekana kabisa ndo hizo zinakurudia na ujumbe kwamba anwani haipo. Kwahiyo usishangae ukimaliza kusafisha ukabaki na watu wachache kuliko hao 600, hujapoteza mtu hapo.

Sasa kazi yenyewe. Tumia kompyuta, kwa simu utateseka bure. Fungua contacts.google.com, pitia kwanza lile kapu la Other contacts na wale unaowajua ni wanachama waongeze kwenye contacts zako za kawaida, wengine waache hukohuko. Baada ya hapo bonyeza Export chagua Google CSV. Faili likishuka weka kopi moja pembeni usiiguse kabisa, ndo ya kurudia ukiharibu.

Lifungue kwa Google Sheets, na wakati wa kuimpoti kuna kiboksi cha kugeuza maandishi kuwa namba, kitoe tiki, maana namba za simu zinazoanza na 0 zinapoteza hiyo 0. Utaona makolamu mengi mpaka uchoke, mengi yako matupu, futa ubaki na majina, simu na E-mail 1 - Value. Ila kabla hujafuta chungulia E-mail 2 - Value, mara nyingi anwani mpya ya mtu iko hapo na ile ya kwanza ndo iliyokufa.

Tuseme imeili ziko kolamu C. Kwenye kolamu tupu andika =LOWER(TRIM(C2)) uivute mpaka chini, inaondoa nafasi za mbele na nyuma na kufanya herufi zote kuwa ndogo. Kopi majibu yake, pesti kwenye C kama maandishi tu, alafu ingia menyu ya Data utakuta sehemu ya kuondoa zinazojirudia, ichague kwa kolamu C peke yake. Kuna za Gmail zitakukwepa hapa, kwasababu Gmail haihesabu nukta iliyo kabla ya alama ya @, yani mtu mwenye nukta katikati ya jina na asiye na nukta ni sanduku lilelile moja, shiti yenyewe inaona ni watu wawili. Panga kwa majina uziangalie kwa macho.

Makosa ya kuandika ndo yanasumbua zaidi. Ipo fomyula =ISEMAIL(C2), inakwambia kama anwani ina umbo sahihi, lakini mtu akiandika gmial.com umbo liko sawa tu, itapita. Mimi napenda hii: =REGEXEXTRACT(C2,"@(.*)") inakutolea kile kinachofuata baada ya @, ukishapata hiyo kolamu panga kwa alfabeti, hapo utaona gmail.com zimejipanga mamia alafu katikati kuna gmai.com moja, yaho.com mbili, zinajitokeza zenyewe huhitaji hata kutafuta. Na anwani isiyo na @ kabisa inaleta eror, nayo umeinasa.

Baada ya hapo kompyuta imemaliza, inabaki kazi yenu wenyewe. Ongeza kolamu ya mwaka wa kumaliza shule, tafuta mtu mmoja wa kila mwaka umtumie majina ya mwaka wake tu, sio listi nzima, akwambie nani kabadilisha anwani, nani hataki tena kupokea, na nani ametangulia mbele za haki. Hili la mwisho naomba ulitilie maanani sana, familia kupokea mwaliko wa mkutano kwa jina la marehemu wao inaumiza. Na wanaokataa watoe bila kuwabembeleza, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeshaanza kufanya kazi Tanzania tangu 1 Mei 2023, anwani ya mtu ni taarifa yake.

Sasa ndo grupu. Lebo ya Gmail ingetosha kama mngekuwa watu 50, unaandika jina la lebo kwenye Bcc unatuma na hakuna anayeona anwani ya mwenzake. Kwa idadi yenu siishauri, Gmail ya bure ina kikomo cha watu 500, ukizidisha wanaweza kukufungia kutuma hadi saa 24, na siku hiyo utakuta ndo kuna tangazo la msiba. Tumia Google Groups, inakupa anwani moja ya umoja, wewe unaandikia hiyo tu yenyewe inasambaza, na mtu akitaka kujitoa anajitoa mwenyewe. Waingize kwa mafungu kidogokidogo, usiwamwage wote siku moja.

Kwenye mipangilio kuna vitu vitatu usiviache: wanaoruhusiwa kutuma wawe viongozi tu, wanaoweza kuona orodha ya wanachama wawe viongozi tu, na majibu yaende kwa aliyetuma badala ya kwenda kwa grupu zima. Ule ugomvi wa kujibizana unaishia hapo.

Imeili ya kwanza iwe fupi, jitambulishe, sema kwanini wanaipokea na jinsi ya kujitoa. Zitakazorudi zitafute kwa simu, namba si unazo kwenye shiti, usiendelee kutuma kwenye anwani mfu mwezi hadi mwezi. Na muweke mwenyekiti au mweka hazina naye awe mmiliki wa grupu pamoja na wewe, maana siku ukiachia ukatibu au ukipoteza nywila, umoja mzima utakuwa umefungiwa nje ya listi yao wenyewe.