Muulize Bibi: Mkono wa fedha, kitabu cha babu na jicho la buluu

Shikamoo Bibi. Nimejifungua mtoto wa kiume, sasa ana miezi minne. Shemeji yangu ni baharia, amerudi na kidani cha fedha chenye umbo la kiganja, katikati kina jicho la buluu na kwa nyuma kimechorwa nyota ya pembe sita. Nikamvalisha mtoto. Mama mkwe alipokiona alikivua palepale, akasema hicho ni cha Mayahudi, kikatupwe baharini kabla mtoto hajadhurika. Jirani anasema huo ni mkono wa Bi Fatma binti wa Mtume, nisithubutu kuutupa. Nyumba haina amani. Nimfuate nani?
Mama wa Mtoto, Chikongola, Mtwara

Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi. Kwanza kitoe kidani baharini kama kimeshakwenda, maana fedha ni fedha. Kama bado kipo ndani, kiweke kabatini usome taratibu.

Mkweo kasema kweli na jirani yako kasema kweli, ila kila mmoja kashika upande wake. Kiganja hicho Waislamu na Wayahudi wamekivaa pamoja kwa karne nyingi, hasa Moroko, Aljeria na Tunisia. Mama wa Kiislamu aliuita mkono wa Fatma. Mama wa Kiyahudi wa mtaa huohuo aliuita mkono wa Miriamu, dada yao Musa na Haruni. Nao Mashia huvihesabu vidole vile kwa Mtume, Ali, Fatma, Hassan na Hussein. Umbo lenyewe limewatangulia wote hao. Huko Khirbet el-Qom, karibu na Hebron, kulikutwa kiganja kilichochongwa kaburini katika karne ya 8 kabla ya Kristo, pamoja na maneno ya kumtakia baraka mtu aitwaye Uriyahu. Hiyo ni zaidi ya miaka elfu moja kabla Bi Fatma hajazaliwa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusimama leo akasema hiki ni changu peke yangu.

Nataka mkweo asikie na hili. Moroko na Yemeni, kazi ya kufua fedha ilikuwa zaidi mikononi mwa Wayahudi. Bibi harusi wa Kiislamu wa Sanaa, mji mkuu wa Yemeni, alitoka ndani amevaa mikufu, vikuku na vibweta vya hirizi vilivyofuliwa na sonara wa Kiyahudi, na watu wakapiga vigelegele bila kuuliza nyundo ilishikwa na nani. Wayahudi wa Yemeni karibu 50,000 walichukuliwa kwa ndege kwenda Israeli mwaka 1949 na 1950, na mapambo yao yakabaki shingoni mwa Waislamu wa kule. Sisi watu wa pwani ya kusini, ambao nusu ya majina yetu ya ukoo yamekuja na majahazi ya Manga, tusijifanye hatujawahi kuvaa kitu kilichopita kwenye mikono hiyo.

Hofu iliyotengeneza kidani hicho ni moja. Waislamu tunasoma katika Sura ya Yusuf, aya ya 67, Yakobo akiwaambia wanawe wasiingie mjini kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali. Wafasiri wetu wengi wakaeleza kuwa alihofia jicho la watu, kwa kuwa walikuwa ndugu wengi, wazuri, wa baba mmoja. Walimu wa Kiyahudi wa kale, wakikieleza kitabu cha Mwanzo, walisimulia hayohayo: msiingie nyote kwa mlango mmoja, msije mkapatwa na jicho. Baba yuleyule, watoto walewale, hofu ileile. Mimi kila nikiisoma aya hiyo huwaona akina mama wa Mikindani wa utotoni kwangu, wakitoka na kichanga kimepakwa wanja katikati ya paji la uso, tena kwa makusudi ulipakwa kombo ili mtoto asitazamike sana. Mgeni akimsifu mtoto bila kusema mashallah, bibi mwenye mtoto alimkatiza kwa sauti: "Sema mashallah, wewe!" Na mgeni alisema.

Ila kama hofu ni moja, ugomvi juu ya dawa yake nao ni mmoja, na hapa ndipo ninapotaka utulie. Mtume wetu amesema jicho ni kweli. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Vilevile imepokewa katika mkusanyo wa Imamu Ahmad kwamba atakayetundika hirizi amefanya shirki. Kisha Abu Daudi na Tirmidhi wanatueleza kuwa sahaba Abdullah bin Amr aliwafundisha watoto wake wakubwa dua ya kujikinga, na wale ambao hawajafikia kuielewa aliwaandikia akawatundikia. Wanazuoni wamebishana juu ya mapokezi haya mpaka leo, na misikiti ya Mtwara hapa hapa haikubaliani. Mwanachuoni Ibn Hajar, aliyefariki Kairo mwaka 1449, ametaja masharti matatu ya kinga ya kusomewa: iwe kwa maneno ya Mungu au majina yake, iwe kwa Kiarabu au lugha inayofahamika, na mtu aamini kuwa haifanyi kitu yenyewe, anayefanya ni Mungu.

Sasa sikiliza na upande wa pili. Zamani marabi waliulizwa kama mtu anaweza kutoka siku ya Sabato na hirizi mwilini. Wakajibu: ikiwa imekwisha kuponya mara tatu, ruhusa. Lakini Musa bin Maimun, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi aliyezaliwa Cordoba, akawa tabibu kwenye baraza la Sultani Salahuddin na kufariki Misri mwaka 1204, aliwaka moto juu ya jambo hili. Wayahudi huweka kwenye mwimo wa mlango kikaratasi cha ngozi kinachoitwa mezuza, kimeandikwa maneno ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6 na ya 11, yanayoanza na "Sikiza, Ee Israeli". Watu wakaanza kuchomeka humo majina ya malaika ili nyumba ilindwe. Musa bin Maimun akasema hao ni wapumbavu, wamechukua amri kubwa ya kumpwekesha Mungu wakaigeuza hirizi ya kujinufaisha, na hawana fungu katika ulimwengu ujao. Ukimsikiliza utadhani ni khatibu wetu wa Ijumaa akiwasema wanaobandika Ayatul Kursiy mlangoni kisha ndani hawasali.

Jibu langu basi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, si mufti. Hukumu kamuulize sheikh wenu, na mpeleke na mkweo asikie mwenyewe. Lakini mtoto wa miezi minne hafai kulala na mkufu wala uzi shingoni, uwe wa fedha au wa hirizi ya ngozi, kwa sababu unaweza kumkaba. Hilo halina madhehebu. Wanja nao umpake kwa hadhari, kwani baadhi yake una madini ya risasi, na madini hayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto; mimi ningeuacha. Msomee sura za Falaq na Nas unapomlaza, umpeleke kliniki siku za chanjo. Kidani vaa wewe kama pambo ukipenda. Na mkweo mwambie kwa adabu, akiwa ametulia, kwamba kutupa kitu kwa kuwa Myahudi naye anakipenda si hoja ya dini.

Asalaam aleikum Bibi. Tulipofungua kasha la marehemu babu tumekuta kitabu cha mkono, Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Ndani mna dua, dawa, na kurasa zenye nyota ya pembe sita na vijumba tisa vyenye namba. Ami anasema babu alikuwa anafuga majini na nyota ile ni ya Israeli, kitabu kichomwe. Babu alikuwa mwalimu wa madrasa miaka yote. Nimechanganyikiwa.
Mjukuu, Mtanda, Lindi

Waaleikum salaam. Usichome. Nasema tena, usichome, na ufunguo wa kasha ukae kwako.

Nyota ile babu yako aliijua kwa jina la muhuri wa Nabii Suleiman. Masimulizi ya Waislamu na ya Wayahudi yote yana pete ya Suleiman aliyowatiishia majini, na waandishi wa talasimu wa pande zote mbili walichora muhuri huo, mara wenye pembe tano, mara sita. Nyota ya pembe sita imo katika jiwe la dirisha la kasri la Banu Umayya, watawala wa Kiislamu wa zama hizo, karibu na Yeriko, karne ya 8. Imo kwenye bendera ya Khairuddin Barbarossa, amiri wa bahari wa Waturuki katika karne ya 16, pamoja na upanga wa Zulfikari na kiganja kilekile alichoniuliza mama wa Chikongola. Bendera ya Moroko ilitiwa muhuri wa Suleiman wa pembe tano mwaka 1915 na upo hadi leo. Ile ya pembe sita ilichukuliwa na mkutano wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka taifa lao, huko Basel, Uswisi, mwaka 1897, na ikawa kwenye bendera ya dola la Israeli mwaka 1948. Kama babu yako aliinakili kwa mwalimu wake, na mwalimu wake kwa wake, mlolongo huo haukupitia Basel.

Vijumba tisa navyo nitakueleza, kwa kuwa ni kitu kizuri. Chukua kalamu. Mstari wa juu andika 4, 9, 2. Wa kati 3, 5, 7. Wa chini 8, 1, 6. Jumlisha mstari wowote, wa kulala, wa kusimama au wa mshazari: 15. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliutaja mraba huu kuwa watu wanauandika kwa mwanamke mwenye uchungu mgumu wa uzazi, kwenye vitambaa viwili visivyoguswa na maji, mzazi akavitazama na kuviweka chini ya miguu. Walimu wetu waliandika herufi badala ya namba kwa hesabu ya abjadi: alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne. Wayahudi nao wanahesabu kwa mpangilio uleule, alefu, bet, gimeli, daleti. Kwao hiyo 15 ina uzito wa pekee, kwani herufi yao ya kumi na ile ya tano zikiwekwa pamoja hutoa jina fupi la Mungu, na kwa heshima hawaandiki 15 hivyo, huandika tisa na sita.

Kwenye sinagogi la Ben Ezra, Kairo ya kale, kulikuwa na chumba cha kutunzia karatasi zilizochakaa, kwa sababu yenye jina la Mungu haitupwi. Mwaka 1897 msomi Solomon Schechter alipeleka shehena kubwa ya karatasi hizo Cambridge, na hirizi zimo, nyingine kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Leo watu wanavuka bahari kwenda kuzisoma, na ninyi mnataka kuwasha kiberiti.

Fanya hivi. Piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, bila mwako wa taa. Kisha kifunge kwa kitambaa cheupe cha pamba, usikitie mfuko wa nailoni kwa joto letu la Lindi, kitaota ukungu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatunza miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, waandikie. Dawa zilizomo msizijaribu kwa mtu.

Bibi, nauza urembo stendi. Vikuku vyenye jicho la buluu vinatoka sana, Wakristo kwa Waislamu. Wateja wanauliza vinazuia nini. Nikisema vinazuia kijicho wananunua, nikinyamaza wanaondoka. Je, natenda dhambi?
Muuza Urembo, Masasi

Uza kama pambo, mwanangu. Shanga za jicho la kioo wanazichoma mafundi wa Uturuki, vijijini karibu na Izmir, na zile za kwako nyingi ni plastiki. Mwambie mteja ni plastiki na umpunguzie. Akikuuliza vinazuia nini, mwambie watu wa dini nyingi huvivaa kwa kuhofia jicho, na wewe unauza urembo. Mama akikuambia mtoto ana homa na anakakamaa, usimuuzie kitu siku hiyo. Msaidie kupata bodaboda aende hospitali.