Jibu lako kwa mteja aliyelalamika linasomwa na mteja ambaye hajafika

Kama una mgahawa, gesti, saluni au gereji hapa Mwanza, mteja wako wa kesho huenda sasa hivi yupo kwenye basi linaloingia Nyegezi, au ndiyo kwanza ametua uwanja wa ndege, simu mkononi. Anaandika "samaki wa kuchoma Mwanza", kisha anasoma. Hakujui, hana ndugu wa kumuuliza, na harufu ya jiko lako haijamfikia. Anachoona ni nyota, picha, na maneno ya watu waliokula kwako kabla yake. Mimi ninaendesha mgahawa wa samaki Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na ushauri wangu mkubwa nautanguliza: nguvu unayotumia kuhesabu nyota, ihamishie kwenye majibu unayowaandikia watu.

Kuna mgeni kutoka Dar alitupa nyota mbili kwenye Google. Aliandika kwamba alifuata dagaa wabichi waliokuwa kwenye menyu, akaambiwa hawapo, na kwamba mgahawa wa kando ya ziwa usio na dagaa ni ubabaishaji. Mtu wa huku akisoma anaelewa papo hapo kwamba ilikuwa mbalamwezi. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa. Kwenye giza taa zinawavuta, lakini mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, taa hazifui dafu, na mitumbwi mingi ya dagaa inabaki mwaloni siku kadhaa. Mtu wa Dar atayajulia wapi hayo? Kijana wetu wa kaunta alikuwa ameshapandwa na hasira, anataka kumwambia kwamba hajui ziwa. Nikamwambia aweke simu chini kwanza. Baadaye tulikaa pamoja tukaandika:

"Pole sana kaka, na ahsante kwa kutueleza. Dagaa wabichi tunawapata zaidi siku za giza kwa sababu huvuliwa kwa taa, na ulipofika ilikuwa mbalamwezi. Tumeliandika hilo kwenye menyu ili mgeni ajue mapema. Ukipanga kuja tena, tupigie siku moja kabla tukuambie mitumbwi imeleta nini. Karibu tena Kirumba."

Kama kaka yule alirudi, hakujitambulisha. Waliokuja ni wengine. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Mwanza walianza kutupigia na kuuliza, "Mama, wiki hii ni giza au mbalamwezi?" Wamelisoma jibu, wameelewa, na wameona kwamba hapa mtu akilalamika anasikilizwa. Ndiyo maana nasema unapojibu lalamiko, aliyelalamika ni msomaji mmoja tu kati ya wengi. Andika ukiwafikiria wale wengine wanaopima kimyakimya kama waje au waende kwa jirani.

Jibu zuri ni fupi: pole, ukweli wa kilichotokea, ulichobadilisha, karibu tena. Usibishane hata kama haki ni yako, kwa sababu mgeni asiyekufahamu hana njia ya kujua nani mkweli. Atakachokiona ni sauti yako tu. Wala usimbembeleze mtu abadilishe nyota zake. Google humruhusu mteja kurekebisha maoni yake wakati wowote, na akiridhika ataamua mwenyewe.

Wenye gesti naomba mnisikilize kwa makini hapa. Usiandike jina la mteja, namba yake, chumba alicholala wala aliyekuwa naye, hata kama unataka kuthibitisha kwamba anasema uongo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Na hata bila sheria, ni nani atalala kwako akijua mambo yake yanaweza kuanikwa?

Sasa, watu wengi wakila wakashiba hawaandiki chochote. Anayeandika bila kuombwa mara nyingi ni aliyekasirika. Kwa hiyo omba, ila chagua wakati. Mteja wa sato hawezi kushika simu, mikono ina mafuta. Ukimwomba unapompelekea bili, mawazo yake yapo kwenye hela. Mwombe akishanawa, amesimama anafuta mikono, na amesema mwenyewe kwamba chakula kilikuwa kitamu. Hapo vijana wangu humwambia, "Ahsante mama, maneno hayohayo tunaomba utuandikie, na utaje ulichokula." Hiyo ya kutaja chakula ina faida, maana atakayetafuta "sato wa kuchoma" anaweza kuonyeshwa maoni yenye maneno hayo. Na bando likiwa limeisha, mpe waifai.

Google hukupa kiungo na msimbo wa QR unaompeleka mteja moja kwa moja sehemu ya kuandika. Uchapishe, lakini usiubandike karibu na Lipa Namba. Kwetu watu waliuskani wakidhani wanalipia, wakafungukiwa na nyota tano, wakaanza kuuliza hela imeenda wapi. Tukauhamishia ukutani juu ya sinki la kunawia, tukaandika kwa herufi kubwa: MAONI TU, HAPA HAPALIPIWI.

Kwa nini kuhangaika kupata maoni mengi? Piga hesabu. Ukiwa na maoni 4 yote ya nyota tano, akaja mmoja akakupa nyota moja, wastani unaanguka hadi 4.2. Ukiwa nayo 39 akaja mtu huyohuyo, unabaki na 4.9. Na kwa sisi wadogo uzito ni mkubwa zaidi. Mwaka 2011 mtafiti Michael Luca wa Shule ya Biashara ya Harvard alichunguza migahawa ya Seattle, Marekani, akaona kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp, mtandao wa maoni ya wateja, ilipandisha mapato kwa asilimia 5 hadi 9, na kwamba faida hiyo ilikuwa ya migahawa inayojitegemea, si ile ya makampuni yenye matawi kila mahali. Seattle si Kirumba, lakini sababu inaeleweka: kampuni kubwa mgeni anaijua tayari kwa jina. Jina letu sisi linajengwa na walioonja.

Jambo lingine la huku kwetu ni njia. Mji wetu umejengwa juu ya mawe na katikati ya mawe. Vichochoro vingi havina majina, na pini ya ramani inaweza kukupeleka upande wa pili wa mwamba. Wateja wetu wameandika wenyewe: shuka kwenye daladala, ingia kichochoro cha kwanza, ukiona jiwe lililopakwa rangi nyeupe umefika. Maoni ya namna hiyo nayashukuru kuliko sifa. Na wakisema wamepotea, hakikisha pini yako kabla hujamlaumu mtu.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Lalamiko moja linaweza kuwa hasira za siku hiyo, lakini watu watatu wasiojuana wakiandika kwamba wamekaa sana, tatizo liko jikoni kwako. Sisi ilikuwa kusubiri. Samaki anaparuliwa magamba na kuchomwa baada ya kuagizwa, hatuwezi kuharakisha moto. Tulichoweza ni kumwambia mteja muda mapema, na kupokea oda kwa WhatsApp kabla hajatoka alikotoka. Malalamiko ya kusubiri yakapungua sana.

Maoni ya kununua achana nayo. Google imekataza maoni ya uongo, maoni ya wafanyakazi wako mwenyewe, na hata soda ya bure kwa anayeandika. Ikigundua, inaweza kuyafuta, kuzuia mengine yasiingie kwa muda, na kuweka onyo ambalo kila anayekutafuta ataliona.

Na ukishukiwa na nyota moja isiyo na neno, kutoka kwa mtu ambaye hakuna anayemkumbuka? Kama inavunja kanuni, iripoti. Wewe huna uwezo wa kuifuta, na jibu la Google linaweza kuchelewa au kukukatalia. Wakati unasubiri, jibu kwa upole: "Habari, tungependa kujua kilichokuudhi ili tukirekebishe. Tafadhali tupigie kwa namba iliyopo hapo juu." Usimtuhumu mshindani wako hata kama moyoni unamjua. Kisha rudi kaunteni, kuna mteja anamaliza kunawa.